Shaba Kwenye Tangi la Kamba: Dawa za Kelati Zinaposaidia, Zinapokwama na Zinapodhuru

Kamba wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, hawavumilii shaba. Kiwango ambacho samaki anaogelea ndani yake siku nzima bila kuonyesha dalili yoyote kinaweza kumlaza kamba ubavu kabla ya jioni. Ndiyo maana mfugaji akipima maji na kuona rangi ya shaba, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye dawa ya kelati, yaani kemikali inayoshika metali: EDTA, au ile dawa ya kutibu maji ya bomba iliyoandikwa kwamba inashika metali nzito.

Dawa hizi zinafanya kazi na zimeokoa kamba wengi. Tatizo ni kwamba watu huzitarajia zifanye mambo mawili zisiyoyaweza: kuitoa metali tangini, na kuivuta metali iliyokwishaingia mwilini mwa kamba. Molekuli ya kelati huishika ioni ya metali (chembe ya metali yenye chaji iliyoyeyuka majini) na kuizunguka pande zote, hivyo ioni hiyo haipati tena nafasi ya kujibandika kwenye matamvua. Inakuwa imefungwa, lakini bado imo majini. Itatoka siku utakapobadilisha maji, au utakapoyapitisha kwenye kitu kinachoinasa. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanatokana na kusahau tofauti hiyo, kwa hiyo ikumbuke unaposoma.

Kamba wanadhoofika au kufa saa chache baada ya kubadilisha maji

Hapa usikimbilie kelati. Angalia kwanza ni nani anayeumia. Samaki, kamba na konokono wakihangaika wote kwa pamoja, shuku klorini au kloramini, na kama tangi ni jipya, amonia na naitraiti. Samaki wakiwa wazima huku konokono wamejifungia ndani ya makoa yao na kamba wametulia mahali pamoja, miguu ya kuogelea ikipiga taratibu au imesimama kabisa, shaba inapanda hadi juu ya orodha. Kuna mshukiwa wa pili anayefanana naye: dawa ya wadudu, hasa zile za jamii ya pareto. Kamba aliyepata dawa ya wadudu kwa kawaida hutetemeka, huzunguka kama aliyechanganyikiwa, hurukaruka bila mwelekeo, kisha huanguka chali huku miguu ikitikisika. Kelati haina la kufanya juu ya dawa ya wadudu. Mkaa amilifu na kubadilisha maji ndivyo vinavyosaidia, na ukipoteza muda ukimwaga EDTA, unawapoteza kamba.

Ikiwa ni shaba, chanzo cha kwanza cha kutazama ni mabomba. Maji yaliyolala ndani ya bomba la shaba usiku kucha hutoka na shaba nyingi zaidi kuliko yale yanayofuata, na maji ya moto huyeyusha zaidi kuliko ya baridi. Bomba jipya ni baya kuliko la zamani, kwa sababu la zamani limeshajijengea utando ndani. Maji laini yenye pH ya chini ndiyo mabaya kuliko yote: yanakula bomba, kisha yanamfikisha kamba ioni zilizo huru zaidi, tena bila kalsiamu ya kutosha ya kushindana nazo kwenye matamvua. Shaba ikishafika hapo huvuruga pampu zinazovuta sodiamu kutoka majini. Kamba wa maji baridi anazitegemea pampu hizo kila dakika, kwani maji anayoishi ndani yake yana chumvi kidogo kuliko damu yake. Zikikwama, sodiamu inamvuja.

Wengi huuliza hapa: mbona maji haya tunayanywa sisi na watoto wetu? Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Watu wanaotibu vimelea vya samaki kwa shaba hulenga karibu miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na dozi hiyo inatosha kuua kamba. Maji yanaweza kuwa salama kabisa kwa binadamu huku yakiwa na shaba mara kumi ya dozi hiyo. Mamlaka ya maji haijakosea, ila viwango vyao havikuwekwa kwa ajili ya kamba.

Cha kufanya: acha bomba litiririke dakika kadhaa kabla ya kukinga, tumia maji ya baridi tu, na maji mapya yatibu ndani ya ndoo, si tangini. Hili la ndoo lina sababu ya kikemia. EDTA inaipenda shaba kuliko kalsiamu kwa zaidi ya mara milioni mia moja, lakini kalsiamu iliyomo majini ni nyingi mno ikilinganishwa na shaba. EDTA inapoingia tu inakumbana na kalsiamu kwanza, inaishika, kisha taratibu inaiachia na kuishika shaba. Kubadilishana huko kunachukua muda, hasa kwenye maji magumu. Ukimwaga maji na dawa tangini kwa wakati mmoja, kamba wako ndio wanaokaa na shaba huru wakati ubadilishanaji unaendelea. Ndani ya ndoo yenye jiwe la hewa, maji yapate saa kadhaa, au usiku mzima ikiwezekana, ndipo yaingie.

Soma pia lebo. Dawa nyingi za kuondoa klorini ni thiosalfeti ya sodiamu peke yake. Hiyo inamaliza klorini vizuri sana, lakini ukiitegemea kwa shaba umebaki bila kinga. Tafuta maneno yanayotaja metali nzito, na kama viambato vimeandikwa, EDTA au kelati nyingine. Asidi ya sitriki nayo hushika shaba kiasi, na kuna wanaoipendekeza kwa sababu ni ya asili. Siipendekezi. Bakteria wa tangini wanaila, maji yanapata ukungu mweupe, na ikishaliwa shaba iliyoshikwa inarudi kuwa huru.

Umetia dawa, lakini kipimo bado kinaonyesha shaba

Huu ndio mtego unaowafanya watu wazidishe dozi mara tatu, mara nne, mpaka wanawaumiza kamba kwa dawa yenyewe. Huenda dawa ilishafanya kazi tangu mara ya kwanza.

Vipimo vingi vya matone vina kemikali yenye uwezo wa kuinyang'anya EDTA shaba yake, au walau sehemu yake. Matokeo yake kipimo kinahesabu shaba yote, iliyo huru na iliyofungwa. Namba haishuki hata kama sumu imeshuka. Ipo njia ndogo ya kupata fununu. Soma rangi kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, kisha kiache kichupa dakika 10 nyingine kando ya kichupa cha maji yasiyo na kitu. Rangi ikiendelea kukolea taratibu, mara nyingi ni ishara kwamba kipimo kinaendelea kuichomoa shaba iliyokuwa imeshikwa. Usitegemee zaidi ya hapo. Vipimo vya nyumbani vinapata shida kutofautisha sifuri na kiasi kidogo, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachomhusu kamba. Kama duka au maabara iliyo karibu inaweza kukupimia kwa kifaa, peleka maji huko.

Kwa hiyo baada ya kutia dozi sahihi, waangalie kamba zaidi ya kipimo. Wakirudi kuchuma chakula kwa miguu ya mbele, na konokono wakitoka kwenye makoa, dawa imefunga. Kinachobaki ni kuitoa.

Kutoa kunafanyika kwa njia tatu, na mimi hupenda kuziunganisha. Kubadilisha maji ni ya uhakika kuliko zote ilimradi maji mapya yenyewe hayana shaba. Hesabu yake haina huruma: ukibadilisha asilimia 20 kila mara, baada ya mara tano bado umebaki na theluthi moja ya shaba uliyoanza nayo, na baada ya mara kumi umebaki na kama asilimia 11. Usibadilishe nusu ya tangi kwa mkupuo ili ufupishe safari, kwani kamba aliyedhoofika anaweza kushindwa kuhimili mabadiliko ya ghafla ya joto na madini, au akalazimika kujivua gamba kabla ya wakati.

Mkaa amilifu huchukua sehemu ya shaba, hasa ile iliyoshikana na vitu vya asili vilivyoyeyuka, ila hujaa upesi na hauipendi shaba kwa namna ya pekee. Rezini ya kelati ndiyo ninayoiamini zaidi. Hizi ni punje ndogo za plastiki zilizofungiwa makundi ya kushika metali moja kwa moja kwenye mwili wake. Shaba inashikwa pale kwenye punje, na siku ukiitoa rezini kwenye kichujio, shaba inatoka nayo. Rezini nyingi za aina hii zina rangi ya krimu, na zinapojaa shaba zinageuka samawati, kwanza upande ule maji yanapoingilia, kisha polepole kuelekea mwisho. Ukiona mpaka wa samawati umefika katikati, unajua umebakiwa na nusu ya nguvu. Zipitishe maji taratibu, kwani maji yakikimbia metali hazipati muda wa kushikwa.

Jambo moja la kuzingatia: ukishatia EDTA nyingi majini, unaidhoofisha rezini. EDTA na rezini zinagombania shaba ile ile, na EDTA ina mshiko mkali. Ikiwa una rezini mkononi na kamba bado wana nguvu, anza na rezini na uiache EDTA chupani. Ikiwa kamba wanaanguka sasa hivi, tia EDTA kwanza uokoe uhai, kisha ubadilishe maji.

Kamba walichangamka kidogo, kisha wakalegea kuliko mwanzo

Hapa uwezekano mkubwa ni kwamba dozi ilizidi, na hasa kwa wale wanaotumia unga wa EDTA badala ya dawa ya chupa. Tuifanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha dawa na madhara.

Molekuli moja ya EDTA hushika ioni moja ya shaba. Kwa uzito, kila miligramu 1 ya shaba inahitaji karibu miligramu 5.9 za EDTA ya disodiamu, ule unga mweupe wa kawaida. Tangi la lita 40 lenye shaba ya miligramu 0.2 kwa lita lina miligramu 8 za shaba kwa jumla, basi linahitaji miligramu 47 za unga. Ukizidisha mara mbili kwa ajili ya zinki na metali nyingine zinazogombania, ni kama miligramu 95. Hiyo ni punje chache kwenye ncha ya kisu, na mizani ya jikoni haiwezi kuipima. Njia salama ni kuyeyusha gramu 1 ya unga kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 1, na sindano ya plastiki inakupimia bila kubahatisha.

Sasa chukua mtu aliyetia kijiko kimoja cha chai, tuseme gramu 5, kwenye tangi la lita 20. Hapo kuna miligramu 250 kwa lita. Shaba imeisha zamani, na EDTA yote iliyobaki imegeukia kalsiamu na magnesiamu. Ugumu wa maji ulio huru unashuka kwa karibu digrii 3.8 za GH, kipimo cha ugumu huo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: EDTA ya disodiamu inapoishika kalsiamu inaachia ioni mbili za haidrojeni, yaani asidi. Asidi hiyo inakula ualikali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isishuke, hivyo KH, kipimo cha ualikali huo, nayo inashuka kwa kiasi kile kile, karibu digrii 3.8. Tangi lililokuwa na KH ya 3 limebaki bila kinga yoyote na pH inaporomoka. Mfugaji anaona kamba wamelegea, anadhani shaba bado ipo, anaongeza kijiko kingine.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Kipimo cha matone cha GH ni EDTA yenyewe: kila tone unalodondosha linashika kalsiamu na magnesiamu mpaka ziishe, na hapo rangi inageuka. Kama majini tayari kuna EDTA iliyoshika kalsiamu, kalsiamu hiyo haihesabiwi, kwa hiyo matone yanapungua. Pima GH na KH kabla ya kutia dawa, kisha pima tena baada ya saa chache. Zote mbili zikiwa zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana, umezidisha. Dozi iliyohesabiwa vizuri haibadilishi hata tone moja, kwani miligramu 2 au 3 kwa lita ni kidogo mno kwa kipimo hicho kuiona.

Ukishazidisha, usikimbilie kumwaga madini ya kuongeza ugumu kwa wingi. Badilisha maji kidogo kidogo kwa maji yenye GH na KH zinazofanana na zile za awali, mara mbili kwa siku, mpaka vipimo virudi. EDTA haiozi haraka tangini, kwa hiyo kungoja iishe yenyewe hakusaidii.

Kamba wanapanda juu na kujikusanya karibu na jiwe la hewa

Baadhi ya dawa za kutibu maji, zaidi ya kelati, zina kemikali zinazopokonya oksijeni zinapofanya kazi. Dozi kubwa kwenye tangi lenye joto na mimea mingi, tena usiku mimea nayo inapotumia oksijeni, inaweza kuwakaba kamba. Ongeza hewa mara moja na utikise uso wa maji. Wakishuka ndani ya nusu saa, ilikuwa oksijeni. Kuanzia hapo usitie dawa hiyo jioni.

Mstari mweupe kuzunguka mwili wa kamba

Ukiona pete nyeupe mahali kichwa kinapokutana na mkia, kamba ameshindwa kujivua gamba. Mara nyingi sana watu huihusisha na metali nzito na kuanza kutia kelati. Chanzo cha kawaida ni madini yasiyolingana, mabadiliko makubwa ya maji kwa ghafla, au chakula duni. Kamba anahitaji kalsiamu ya kujenga gamba jipya, na anahitaji shaba pia: damu yake hubeba oksijeni kwa hemosianini, ambayo imejengwa kwa shaba kama yetu ilivyojengwa kwa chuma. Kutia EDTA kwenye tangi la kamba wanaokwama kwenye gamba ni kuwanyima kile wanachokihitaji. Sitisha kelati, rekebisha GH polepole, na punguza kiasi cha maji unachobadilisha kwa mara moja.

Kwa sababu hiyo hiyo usiogope ukikuta salfeti ya shaba imeandikwa kwenye pakiti ya chakula cha kamba. Kiasi chake ni kidogo, kimewekwa kwa makusudi, na huliwa badala ya kuelea majini.

Mimea inageuka njano baada ya rezini au kelati

Rezini imechukua chuma, zinki na manganisi pamoja na shaba. Ondoa rezini kazi yake ikiisha, kisha rudisha mbolea ya chuma kwa dozi ndogo. Mbolea hiyo nayo ni kelati, na hapo ipo tofauti inayofaa kujulikana: chuma kilichofungwa na EDTA hakidumu kwenye maji yenye pH inayozidi 6.5 au 7. Chuma kinaachiwa na kuganda, na EDTA inabaki wazi kushika kitu kingine. Chuma kilichofungwa na DTPA, kelati nyingine, hustahimili pH ya juu kidogo. Kwa tangi la kamba lenye pH ya 7.2, DTPA ndiyo chaguo bora.

Shaba iliisha, baada ya wiki kadhaa imerudi

Hili ndilo tatizo linalochosha kuliko yote, na sioni sababu ya mtu kuendelea kununua dawa kabla hajakaa chini na kulitafutia chanzo. Shaba haizaliwi tangini. Ama inaingia kutoka nje, ama ilikuwa imejificha ndani.

Anza na historia ya tangi. Je, liliwahi kutibiwa samaki kwa dawa ya shaba, hata kabla halijawa lako? Shaba hujibandika kwenye changarawe yenye chokaa, kwenye matope yaliyo chini, kwenye utando wa bakteria na ndani ya sponji ya kichujio. Inatulia humo miezi mingi. Kisha pH inashuka kidogo, labda kwa sababu umeongeza hewa ya ukaa kwa ajili ya mimea au KH imeisha taratibu, na shaba inaachia na kurudi majini. EDTA yenyewe inaweza kuifanya kazi hiyo ya kuichomoa kutoka kwenye matope. Kwa hiyo usishangae ukitia dawa leo na kesho kipimo kikapanda. Shaba hiyo imefungwa, na kwa kweli ni nafasi nzuri: ukibadilisha maji wakati huo, unaitoa ile iliyokuwa imejificha. Usipobadilisha, umeihamisha tu.

Kwa tangi lenye historia kama hiyo, ushauri wangu ni kutupa changarawe na sponji, kusugua kuta, kisha kulijaza maji laini bila kiumbe chochote na kuliacha siku chache na rezini ikizunguka. Pima. Mwaga, rudia. Ukipata sifuri mara mbili mfululizo kwa maji yaliyolala humo, weka konokono wachache kwanza na uwape wiki moja kabla ya kamba.

Kama historia ni safi, tafuta kitu kimoja kimoja. Viunganishi vya mipira ya maji na koki zilizotengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki: zinki nayo ni sumu kwa kamba, na kipimo cha shaba hakiioni. Vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye mashina ya mimea ya dukani ili izame, ambavyo watu huvizika kwenye mchanga pamoja na mmea na kuvisahau. Mawe yenye mishipa ya kijani au ya rangi ya kutu. Mhimili wa pampu ulioota kutu. Hita iliyopasuka. Weka kila kitu unachokishuku peke yake kwenye mtungi wa kioo wenye maji laini, ukiache siku tatu, na upime. Kazi hii inaboa, lakini ndiyo inayokupa jibu, na chupa ya dawa haiwezi kukupa jibu hilo.

Mbolea nazo huulizwa sana. Nyingi zina shaba kidogo kwa ajili ya mimea, na kwa dozi ya lebo kiasi kinachoingia huwa kidogo sana. Shida inaanza pale mtu anapotia kila siku kwenye tangi lenye mimea michache asilolibadilisha maji. Fanya hesabu ya lebo kabla ya kuilaumu au kuitetea.

Kwa kinga ya kila siku, majani makavu ya mkungu au mboji ya kinamasi (peat) yana asidi za humiki, ambazo hushika shaba kwa upole na kupunguza ioni huru. Hayatoshi wakati wa dharura, na yanapaka maji rangi ya chai. Lakini kwenye tangi ambalo maji ya bomba yana shaba ndogo isiyokwisha, napendelea majani kuliko kutia EDTA kila wiki kwa mwaka mzima. Anayeweza kupata maji ya RO, yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia karibu kila kilichoyeyuka, na kuyarudishia madini ya kamba amemaliza tatizo la bomba moja kwa moja.

Vipimo vimeshuka, maji mazuri, lakini kamba wale wale hawapati nafuu

Metali iko mwilini mwao. Kamba huihifadhi kwenye tezi kubwa ya mmeng'enyo iliyo ndani ya kichwa, inayofanya kazi ya ini na kongosho kwa pamoja, na protini za humo huishika ili isimdhuru. EDTA iliyoyeyuka majini ina chaji na haipenyi kirahisi kwenye utando wa seli, kwa hiyo haifiki huko. Dawa za kelati anazochomwa au kumezeshwa mgonjwa wa binadamu hupewa kwa dozi iliyopimwa na daktari, kwa mwili uliochunguzwa. Usijaribu kuchanganya kelati kwenye chakula cha kamba. Itavuta zinki na kalsiamu kabla hujaona faida yoyote.

Vilevile si kila metali inashikwa na EDTA hata ikiwa majini. Risasi, kadmiamu, nikeli na zinki zinashikwa vizuri. Aseniki na kromiamu ya aina ya kromati zinatembea majini zikiwa na chaji hasi, na EDTA inazipita bila kuzigusa. Zebaki iliyogeuka kuwa methili ndani ya mnyama hutaitoa kwa dawa ya tangi.

Wanaouliza kuhusu kamba wa kula waliovuliwa kwenye maji machafu, jibu ni fupi: kuwachemsha, kuwaloweka au kuwatilia EDTA hakuondoi metali. Kadmiamu hukaa zaidi kwenye ile tezi ya kichwani kuliko kwenye nyama ya mkia, na hata kikomo cha Umoja wa Ulaya cha miligramu 0.50 kwa kilo kimewekwa kwa nyama ya tumbo na miguu, bila kichwa. EDTA unayoweza kuiona kwenye lebo ya kamba wa kopo, kwa namba E385, imewekwa ili kulinda rangi na ubora wa nyama.

Kwa kamba wa tangini, tiba iliyobaki ni maji safi na muda. Kamba hutoa sehemu ya metali yeye mwenyewe, na sehemu nyingine huondoka na gamba analolivua. Safari hii usiliache gamba hilo tangini walile, kama kawaida tunavyowaachia. Litoe kwa wavu kila unapoliona. Walishe kidogo, kwa mboga zilizochemshwa na majani, na uache vyakula vyenye unga wa wanyama wa baharini, vinavyoweza kubeba kadmiamu. Shusha joto la tangi digrii mbili tatu taratibu ili wasisukumwe kujivua upesi. Majike wenye mayai wanaweza kuyadondosha, na hilo halimaanishi kwamba jike mwenyewe atakufa. Kamba anayekula siku ya tatu au ya nne ana nafasi nzuri ya kupona. Asiyegusa chakula baada ya wiki nzima kwenye maji safi, mhamishie kwenye chombo kidogo chenye hewa, ili akifa asiozee katikati ya wenzake.